Neno Geni Lipewe Jembe

Wazee wetu walisema ya kwamba mgeni hupumzishwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Mithali hii twaijua sote kwa habari ya watu. Leo twataka kuitumia kwa habari ya maneno. Maana maneno ya Kiingereza yamekuwa wageni wengi vijijini mwetu. Yamo katika mikutano ya ushirika, katika karatasi za hospitali, katika simu zetu, katika barua za kanisa, hata katika mahubiri. Wengine wa wageni hawa wamekaa kwetu miaka mingi, wala hawajashika jembe hata siku moja. Wamekalishwa barazani na kuvikwa nguo nzuri, ili wapitao njiani wawatazame. Sisi twasema desturi hii yatudhuru, na yatupasa kuiacha.

Lakini mtu asituelewe vibaya. Hatusemi watu wasijifunze Kiingereza. Sisi tu waalimu, na kazi yetu twaijua. Katika Tanzania mtoto hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, kisha akiingia sekondari hukuta vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza. Katika Kenya na Uganda Kiingereza ni lugha ya serikali, nayo hutangulia mapema zaidi darasani. Mtu asemaye kwamba mtoto wa mkulima hana haja na Kiingereza amfungia mlango ambao watoto wa wakubwa wapita kila siku. Basi ugomvi wetu si na lugha. Ugomvi wetu ni na watu wa namna mbili: yule atumiaye neno asilolijua ili atukuzwe, na yule amchekaye mwenzake anayejifunza. Watu hawa wawili huonekana kama adui, lakini ugonjwa wao ni mmoja, maana wote wawili hulifanya neno kuwa kilemba cha kujionyesha.

Tuanze na huyo wa kwanza. Fikirini mkutano wa kijiji uliokusanyika kwa habari ya kisima. Pampu imevunjika, akina mama wateka maji mtoni mbali, na fedha za matengenezo hazionekani. Watu wataka kujua zilikwenda wapi. Husimama mtu mmoja akasema juu ya "implementation", na "sustainability", na "stakeholders". Kila neno likitoka kinywani mwake watu hutazamana, kisha hupiga makofi. Mkutano hufungwa kwa sala, watu hurudi kwao, na kisima ki vilevile. Laiti angalisema kwamba fedha zilikuwa hizi, zilitumika hivi, na zilizobaki ni hizi, hata watoto wangalimfahamu, na wazee wangalipata la kumwuliza. Lakini pengine maswali ya wazee ndiyo aliyoyakimbia.

Twakiri kwamba si wote watumiao maneno hayo walio wadanganyifu. Wako vijana waliotoka shuleni juzi, nao hutaka wazazi wao waone ya kuwa karo haikupotea bure. Wako wahubiri waonao kwamba neno la Kiswahili limechakaa kwa kusikiwa sana. Wako na waalimu wenzetu. Hawa twawahurumia, ila hatuwezi kuwaunga mkono. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika sura ya kumi na nne ya waraka wa kwanza, ya kwamba kanisani maneno matano yenye kufahamika yafaa kuliko maelfu ya maneno ya lugha isiyojulikana. Na katika kitabu cha Nehemia, sura ya nane, tunasoma jinsi Walawi walivyoisoma torati na kuwaeleza watu maana yake. Watu walipofahamu walilia, na baadaye wakafurahi. Walilia kwa sababu walifahamu. Mahubiri yasiyofahamika hayamlizi mtu wala hayamfurahishi. Humpa usingizi tu.

Wengine watatujibu: "Ninyi mwatetea ushamba. Waingereza wenyewe wameendelea kwa maneno makubwa." Twawaomba hawa wasome habari za Waingereza vizuri. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi na mahakama zao walitumia Kifaransa. Mkulima wa Kiingereza alisimama mbele ya hakimu, akasikia kesi yake mwenyewe ikisemwa kwa lugha asiyoijua. Ilipofika mwaka 1362, zamani za mfalme Edward wa Tatu, ilitolewa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, na sababu iliyotajwa ni kuwa Kifaransa hakikujulikana na watu wengi wa nchi. Sheria hiyo nayo iliandikwa kwa Kifaransa! Desturi mbaya haifi kwa siku moja.

Karne mbili baadaye ugonjwa ulirudi kwa sura nyingine. Wasomi wa Uingereza walianza kuokota maneno ya Kilatini na kuyamwaga katika barua zao ili waonekane wameelimika. Mwaka 1553 Thomas Wilson, katika kitabu chake juu ya ufasaha wa kusema, aliwakemea Waingereza wenzake kwamba hata mama zao waliowazaa wasingewaelewa. Mwaka 1604 Robert Cawdrey, aliyekuwa mwalimu wa shule na mtumishi wa kanisa, alitoa kamusi ndogo ya maneno magumu yapatayo 2,500, ili watu wasiokwenda vyuoni wapate kujua maana yake. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Angalieni, ndugu zetu: kamusi hiyo ilitungwa kwa ajili ya Waingereza ambao walikuwa wageni wa maneno ya lugha yao wenyewe. Na mwaka 1775 Richard Sheridan aliandika mchezo wenye mwanamke aitwaye Malaprop, ambaye hupenda maneno makubwa na kuyataja mahali pasipo pake. Waingereza walimcheka sana, hata jina lake likawa ndilo jina la kosa hilo mpaka leo. Basi mtu wetu anayejitapa kwa maneno asiyoyajua adhani amefanana na Mwingereza aliyeelimika, kumbe amefanana na yule ambaye Waingereza humcheka.

Tena tusisahau William Tyndale. Huyu alitaka mvulana ashikaye plau shambani ayajue Maandiko kwa lugha yake. Alipiga chapa Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1526, na mwaka 1536 aliuawa kwa ajili ya kazi hiyo. Kiingereza ambacho leo twakiogopa kama lugha ya wakubwa kilikuwa zamani lugha ya washamba, na mtu mmoja alikubali kufa ili washamba hao waelewe. Sisi tulio na Biblia ya Kiswahili mkononi, tutawezaje kuwaficha ndugu zetu maana kwa makusudi?

Sasa tuje kwenye madhara yaliyo karibu, maana neno lisilojulikana laweza kumharibia mtu nyumba. Maneno ya Kiingereza mara nyingi huwa na kazi mbili au tatu, na mtu akijua moja hudhani amezijua zote. Mtoto akileta karatasi ya shule iliyoandikwa "outstanding", mzazi na afurahi, maana mtoto amekuwa bora. Lakini neno lilo hilo likiwa katika barua ya benki, maana yake ni deni ambalo bado halijalipwa. Neno "interest" shuleni hufundishwa kuwa ni hamu au kupendezwa na jambo. Katika mkataba wa mkopo ni riba, na katika habari za ardhi laweza kuwa haki ya mtu katika mali ile. Anayeitwa "guarantor" si shahidi tu wa kuonyesha urafiki. Ni mdhamini, ambaye mkopaji asipolipa yeye hudaiwa, na ng'ombe wake waweza kwenda. Na neno "positive", ambalo watu hulitumia kwa jambo jema na moyo wa matumaini, likiandikwa katika karatasi ya kipimo cha malaria au cha kifua kikuu, maana yake ugonjwa umeonekana. Mtu aweza kushika karatasi hiyo akaenda zake nyumbani akishukuru, na ikiwa ni kifua kikuu, huku anaambukiza watoto wake.

Hayo si mambo ya kuwaziwa tu. Mwaka 1888 Lobengula, mfalme wa Wandebele, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, alitia alama yake katika karatasi ya Kiingereza iliyoletwa na Charles Rudd na wenzake, waliotumwa na Cecil Rhodes. Mfalme hakujua kusoma Kiingereza. Mkalimani wake alikuwa mmisionari, Charles Helm, ambaye mwenyewe aliandika kwamba wageni wale waliahidi kwa mdomo kuwa hawataleta zaidi ya Wazungu kumi wa kuchimba. Ahadi hiyo haikuwamo katika karatasi. Iliyokuwamo ni haki juu ya madini yote ya nchi yake. Mfalme alipofahamu alituma wajumbe mpaka Uingereza kuikana karatasi ile, lakini wakati ulikuwa umepita, na mwaka 1893 ufalme wake ulivunjwa kwa vita. Hatudai kwamba kamusi ingaliwazuia watu wenye bunduki. Twasema tu kwamba waliotaka nchi walianza kwa karatasi, na karatasi ilipita mahali ambapo maneno hayakufahamika. Siku hizi karatasi yaweza kuwa ndani ya simu. Mtu abonyeza "I agree" chini ya maandishi marefu ya mkopo ambayo hakuyasoma, na kama angeyasoma asingeyaelewa.

Kwa sababu hiyo tunaisifu sheria ya mwaka 2021 katika Tanzania, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuitimiza ni kubwa, maana sheria nyingi zilitungwa kwa Kiingereza na tafsiri huchukua muda. Ila jambo lile walilolitafuta wakulima wa Uingereza mwaka 1362 ndilo nasi tunalolitafuta. Wala wasomi wasituambie kwamba Kiswahili hakina maneno. Kiswahili hakikuanza jana kupokea wageni. Kilipokea baiskeli, kikapokea hospitali. Madereva walisikia agizo la kushika upande wa kushoto kwenye mzunguko wa barabara, wakapata kipilefti, na vikiwa vingi ni vipilefti. Hao hawakujionyesha, walikuwa na kazi, wakalipa neno jembe. Na Kiingereza nacho kilichukua "safari" kwetu, kikaitumia kwa kazi yake bila haya. Neno likiingia kwa kazi twalikaribisha. Linaloingia kwa majivuno ndilo twalikataa.

Tuje kwa mtu wa namna ya pili, yule mcheka. Huyu hudhuru zaidi, kwa kuwa hudhuru watoto. Kijana asimama darasani, aseme "I hear hunger", na darasa zima laangua kicheko, pengine pamoja na mwalimu. Kwa nini wamcheke? Katika Kiswahili twasikia njaa, twasikia baridi, twasikia hata harufu; sikio letu lina kazi nyingi. Kijana huyo amefikiri sawasawa kwa lugha yake, bali hajaambiwa kwamba Waingereza wameigawa kazi ile kwa maneno mengine. Hali kadhalika kuazima: kwetu aazimaye aweza kuwa mtoaji au mpokeaji, lakini Kiingereza humwita mmoja kwa neno "lend" na mwingine kwa neno "borrow". Mtu akijikwaa mbele yetu twamwambia pole. Tukimwambia Mwingereza "sorry", aweza kushangaa na kuuliza kama sisi ndio tuliomsukuma. Na saa mbili ya asubuhi kwetu ni "eight o'clock" kwao. Asiyejua hilo aweza kufika hospitali baada ya daktari kuondoka. Makosa haya yana sababu zake, na mwalimu mwema huieleza sababu. Anayecheka hakueleza kitu. Amemfundisha mtoto kunyamaza tu, na mtoto akinyamaza leo, kesho atatia dole gumba bila kuuliza.

Wengine hucheka matamshi, hasa wale wanaochanganya "r" na "l". Hawa twawakumbusha kitabu cha Waamuzi, sura ya kumi na mbili. Watu wa Gileadi walisimama penye vivuko vya Yordani, wakawapima Waefraimu kwa kuwaambia wataje neno moja tu. Aliyeshindwa kulitamka kama wao aliuawa, na hesabu ya waliokufa wakati ule ni 42,000. Hao walikuwa ndugu, wana wa Israeli wote. Sisi hatushiki upanga, lakini kijana akinyimwa heshima kwa sababu ya herufi moja, tumesimama kwenye kivuko kile kile.

Tena ulimi mzito haumzuii mtu kuijua lugha. Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857, naye ni Mpolandi. Alifika Uingereza akiwa baharia wa miaka ishirini, akijua Kiingereza kidogo sana. Akawa miongoni mwa waandishi wakubwa wa lugha hiyo, na mpaka kufa kwake mwaka 1924 matamshi yake yalikuwa ya kigeni. Na kwa sisi Waafrika yuko Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyetekwa utumwani akiwa kijana, akaokolewa baharini mwaka 1822, akajifunza Kiingereza katika Sierra Leone. Mwaka 1864 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Huyu alipojua Kiingereza hakukitumia kuwatisha watu wa kwao. Aliandika msamiati wa Kiyoruba, akafanya kazi ya kutafsiri Maandiko, ili Wayoruba wasome kwa lugha yao. Kiingereza kilikuwa jembe lake, na shamba alilolima lilikuwa la watu wake.

Basi, tufanyeje? Tunashauri mambo haya machache.

Kwanza, ukilisikia neno usilolijua, uliza pale pale. Kuuliza si ujinga. Sema, "Bwana, neno hilo maana yake nini kwa Kiswahili?" Msemaji akiwa analijua atakueleza, naye hataona vibaya. Akiwa halijui, mkutano wote utakuwa umepata faida kubwa kwa swali lako.

Pili, ukiisha kuambiwa maana, usiridhike. Tazama neno lile hukaa na maneno gani, na mahali gani. Neno ni kama mtu. Humjui mpaka umeona rafiki zake na kazi yake. Neno lililo jema shuleni laweza kuwa kali benki. Andika katika daftari sentensi nzima uliyolikuta neno hilo, maana neno peke yake husahauliwa upesi.

Tatu, lijaribu mbele ya mtu anayejua na asiyecheka. Ukikosea, sahihisha uendelee. Hakuna aliyejua kulima kwa kutazama jembe ukutani.

Nne, ukisema na watu wako, tumia neno la Kiswahili likiwapo. Kama halipo, litaje la Kiingereza, kisha ulieleze mara hiyo hiyo. Mzee wa kanisa, mwinjilisti, karani wa ushirika na mwalimu wawe wa kwanza katika jambo hili, kwa kuwa watu huiga viongozi wao.

Tano, usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi yoyote mpaka umesomewa kwa lugha unayoijua, na mtu asiye na faida katika jambo lile. Anayekuharakisha kutia sahihi, mwogope.

Nanyi vijana mliosoma, maneno yetu ya mwisho ni kwenu. Wazazi wenu waliuza mahindi na mbuzi ili mpate lugha hii. Hawakuuza ili mje kuwanyamazisha mkutanini. Jumapili ijayo mtu mmoja akikujia baada ya ibada na barua ya benki au karatasi ya hospitali, keti naye chini ya mti, usome naye mstari kwa mstari mpaka afahamu. Fanya hivyo kwa mjane kabla ya kuwafanyia wakubwa. Mungu awape subira, na sisi waalimu atupe subira ya kuwafundisha wadogo zenu bila kuwacheka.